Kura zishaisha, sasa asante ianzie mlango gani?

Tangu uchaguzi mdogo wa hapa Kenya wa tarehe 27 Novemba 2025 barua zimekuja nyingi sana, na ukiziangalia zinauliza jambo moja tu kwa njia tofauti, mtu akishinda aishi vipi na walomchagua na walomkataa, na sisi wengine tulobaki majirani tukae vipi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake naona mengi yanaanzia hapo.

Salamu kwako. Mimi ni kijana niliekuwa kwa kampeni ya MCA wetu mpya, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Wadi yetu ilikaa muda mrefu sana bila mwakilishi baada ya aliekuwepo kufariki, mpaka juzi ndio tukapiga kura na tukashinda alhamdulillahi. Sasa mheshimiwa anataka kurudi kushukuru watu na timu imegawanyika. Wengine wanataka jambo kubwa, tenti, spika, ng'ombe wawili, pilau, na gavana aalikwe. Wengine tunaona pesa hio haipo, na hata ikipatikana ina kazi nyengine. Halafu kuna vijiji viwili vilitunyima kura kabisa, wenzangu wanasema huko tusikanyage, wakajifunze. Tufanye vipi? – Kijana wa kampeni

Mwanangu, hongereni. Naanza na mwisho wa barua yako kwa sababu ndio ulionikosesha raha. Hivyo vijiji viwili ndio muende kwanza. Msingoje mpate nafasi wala msingoje hasira zipoe, muanzie huko.

Mheshimiwa wenu siku ile hakutangazwa MCA wa nusu wadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inasema kazi yake ni kuwa karibu na watu wa eneo lake, kuwasikiza, kupeleka maoni yao bunge la kaunti na kuwa kiungo kati yao na hilo bunge, na hakuna pahali imeandikwa walompigia peke yao. Na hata tuiweke sheria kando, nyinyi angalieni tu maisha yenu yalivyo, barabara ya kwenda hospitali inapita kwao, watoto wao na wenu wako chekechea moja, mtu akifiwa kwao ni nyinyi mnaenda kuchimba kaburi na kwenu vivyo hivyo, sasa huyo unaemwambia akajifunze atajifunzia wapi, si hapo hapo mlangoni kwako?

Mimi nina umri wa kukumbuka Likoni Agosti 1997, watu walivyouliwa na kufukuzwa kwa ajili ya walikotoka na uchaguzi ulikuwa uko njiani. Nakumbuka pia mwanzo wa 2008 nchi nzima ilivyowaka baada ya uchaguzi, mpaka Kofi Annan akaja akakaa na wakubwa na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Februari, na kufikia hapo watu zaidi ya 1,000 washakufa na mamia ya maelfu washahama makwao. Panga huwa linakuja mwisho. Kabla yake kunakuwa na maneno, hawa wetu, wale si wetu, hawa wapewe, wale wakajifunze, na mara nyingi yanasemwa na vijana wazuri tu waliochoka na kampeni kama wenzako hao. Kwa hivyo waambie kwa upole lakini waambie.

Sasa mkienda muende vipi. Msiende na msafara wa magari na muziki, watu watadhani mmekuja kuwaringia. Mheshimiwa aende na gari moja, apitie kwa mzee wa mtaa kwanza, wamjulishe na wazee na akina mama wa hapo, jioni watu wakiwa washatoka shamba na kwenye biashara zao, akae chini nao. Na waloongoza kampeni ya mpinzani hapo kijijini waalikwe kwa majina yao, wasisikie tu kwa watu. Akisimama aseme anawashukuru walompa kura na anawashukuru walopeleka kura yao kwengine kwa sababu wametumia haki yao, halafu aulize, jamani mlikuwa mnataka nini ambacho hamkukiona kwangu? Hapo anyamaze asikize. Atatolewa maneno makali na ayapokee, asijibu kila kitu, asianze kuwaambia mpinzani aliwadanganya. Kampeni ishaisha.

Kuna mlango mwengine naona hamjautaja, nyumba ya marehemu. Yule mheshimiwa alietangulia alikuwa na kazi alizoanza, na familia yake imekaa muda wote huo ikiona kiti cha mtu wao kitupu. Muende bila kamera. Muombe dua, mkae, na mheshimiwa aseme waziwazi mbele za watu ni miradi gani aliikuta imeanzwa na mwenzake na yeye ataiendeleza. Nimeona mara nyingi MCA mpya akiingia anaacha jengo la watu likiwa nusu kwa sababu jiwe la msingi lina jina la mwengine, na hapo hakumuumiza marehemu, aliumiza watoto wanaosomea chini ya mwembe.

Halafu kuna hawa ambao nawaombea sana. IEBC, ile tume ya uchaguzi, ilikaa bila makamishna toka Januari 2023 mpaka Julai 2025, ndio maana viti vilivyobaki wazi havikuweza kupigiwa kura na wadi kama yenu zikakaa tu. Kipindi chote hicho nani aliishika wadi? Si ilikuwa msimamizi wa wadi, chifu, wazee wa mtaa, akina mama walokuwa wakichanga mgonjwa apelekwe hospitali, vijana wa boda walobeba wajawazito usiku kwa mkopo, na watu walotoka na majembe kuziba shimo la barabara. Kwetu Kwale kazi ya pamoja namna hii tunaiita mweria, leo shambani kwangu kesho kwako, na wakati wa ule ukame uloanza 2020 misimu mitano ya mvua ikakosa mfululizo, huko Kinango na Ganze ng'ombe wanaanguka, kitu kilichowaweka watu ni majirani kugawana unga na maji ya kuleta mbali, mtu hakuulizwa kwanza ana kadi ya chama gani. Hao ndio washukuriwe, tena kwa kazi zao, fulani uliendesha hivi, mama fulani ulisimamia vile. Asante ya jumla kwa wananchi wote haimgusi mtu.

Kuhusu pilau. Sina ubaya na pilau, watu walizunguka juani, mawakala walilala kwenye vituo wakilinda kura, wana haki ya kula na kucheza. Lakini ng'ombe wawili na tenti na spika, hizo pesa mheshimiwa atazikopa, na alokopa kwa ajili ya sherehe atazitafuta baadae pahali, na mimi na wewe tunajua watu huzitafuta wapi. Pikeni kitu cha kiasi, watu wale pamoja, ngoma ipigwe, muende nyumbani. Gavana mualikeni siku nyengine ya kazi, muoneshe barabara. Akija siku ya shukrani watu watapanga mstari kumsalimia yeye na mheshimiwa atakosa kusikia hata mtu mmoja.

Na hapa nataka uninase vizuri manake ndio faida kubwa ya ziara hii. Mheshimiwa asiahidi lami wala kisima akiwa kwenye spika. Hicho hicho kifungu cha 9 kinamkataza MCA kufanya kazi za utendaji za kaunti, yeye si mwenye kujenga wala kuleta huduma kama mfanyikazi wa kaunti, kazi yake ni kupitisha bajeti na sheria na kusimamia pesa zinatumika vipi. Na bajeti ya mwaka wa fedha wa 2025/26 ilianza Julai 2025 akiwa hayupo, labda apate kitu kwenye bajeti ya nyongeza. Kitu anachoweza kukishika kwa mikono ni cha mwaka 2026/27. Karatasi ya sera ya fedha ya kaunti inatakiwa ifike bungeni kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, ikishapita hapo ni kusubiri, na Agosti 2027 ni uchaguzi mkuu tena. Yaani muda alonao ni mfupi mno.

Kwa hivyo kila kijiji mkifika kuwe na daftari, mtu mwenye mwandiko mzuri aandike watu wanavyosema, na kabla hamjaondoka asome kwa sauti watu wakubali kama ndivyo. Mambo matatu tu kila kijiji, wachague wenyewe. Daftari moja lote lipigwe picha wabaki nayo. Halafu Mei, bajeti ikiwa mezani, arudi kule kule, aanzie tena vile vijiji viwili, aseme hili limeingia, hili halikuingia na sababu ni hii. Hio ndio asante naijua mimi.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, natoka Kinango. Mwaka wa 2022 nilikuwa wakala wa mgombea aliyeshindwa na kila mtu kijijini anajua. Mwanangu ataingia gredi ya 10 Januari 2026 na sina karo ya kutosha. Naogopa kuenda ofisi ya wadi kuchukua fomu ya basari, jirani aliwahi kuambiwa hapo, nenda kwa mtu wako. Nifanye nini? – Mama wa wanne

Marahaba dadangu, na hongera kwa mtoto, hao ndio wa kwanza kabisa kuingia sekondari ya juu kwa huu mtaala mpya, wazazi wote wanahangaika sai si wewe peke yako.

Nenda. Fomu si ya mheshimiwa, ni ya kaunti na pesa yake ni kodi, wewe ukinunua sukari unalipa, kiberiti unalipa, hakuna muuzaji alokuuliza ulimpigia nani ndio akate ushuru. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule aloitiwa, barua ya chifu au ya mzee wa mtaa ya kueleza hali ya nyumbani, na nakala za kila kitu ubaki na zako. Usiende peke yako, nenda na jirani yako yeyote ambae unajua alimpigia huyo MCA na mnaelewana, na najua utampata, manake mtu mnaeazimana chumvi hawezi kukataa kukusindikiza. Ukifika ongea kama mtu mwenye haki, bila kuomba msamaha kwa kura yako.

Pia usitegemee mlango mmoja. Basari ya kaunti ni kitu kimoja na ile ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, inayopitia kwa mbunge ni kitu chengine, ofisi mbalimbali, fomu mbalimbali, jaza zote mbili. Na nikueleze jambo moja ili usije ukalia bure. Kikatiba kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi, sekondari iko chini ya serikali kuu, na mwanzo wa 2025 kulikuwa na mvutano mkubwa baina ya kaunti na Msimamizi wa Bajeti juu ya hizi basari. Kwa hivyo zikichelewa inaweza kuwa ni mambo ya huko juu, sio lazima iwe umebaguliwa.

Lakini ukiambiwa kwa mdomo nenda kwa mtu wako, hapo umebaguliwa. Muulize huyo karani akuandikie hivyo kwa karatasi, hataandika. Andika wewe siku, saa, na maneno alosema, peleka kwa msimamizi wa wadi, na yeye akikunyamazia kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, inapokea malalamiko ya mwananchi bila kulipa chochote. Na sheria ile ile ya kaunti inakupa haki ya kupeleka ombi lako bunge la kaunti, wewe na majirani mkitia saini.

Na kama kuna mheshimiwa yeyote anasoma hapa, tafadhali sana, kaa na watu wa ofisi yako leo leo. Unaweza kuwa umezunguka wadi nzima ukisema asante na karani wako anaifuta kila asubuhi pale dirishani bila wewe kujua.

Niligombea kwenye huu uchaguzi mdogo nikashindwa kwa kura chache. Familia inanisukuma niende kortini. Mimi nilitaka kwenda kumpa mwenzangu mkono lakini watu wangu wanasema nikienda nitakuwa nimekubali kuibiwa. Naomba ushauri. – Mgombea

Ndugu yangu, pole. Kushindwa kwa kura chache kunauma kuliko kushindwa kwa nyingi, usiku unakaa unahesabu nyumba ambazo hukufika.

Hayo ni mambo mawili na unaweza kuyafanya yote. Kumpa mtu mkono hakukuzuii kwenda kortini. Una siku 28 tangu matokeo kutangazwa, kwa hivyo kabla mwaka wa 2025 haujaisha uwe ushaamua. Kesi ya MCA inaanzia kwa hakimu na inatakiwa iamuliwe ndani ya miezi sita, na utaweka dhamana ya shilingi 100,000 mbali na pesa ya wakili. Kabla ya yote kusanya fomu za matokeo za kila kituo kutoka kwa mawakala wako, kaa nazo na mtu asiekuwa na hasira, uzijumlishe. Kama hesabu ina kasoro kweli, nenda, korti iko kwa ajili hio, hata Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017 na nchi ikarudi kupiga kura. Lakini kama hesabu iko sawa na kinachokusukuma ni aibu ya familia, usiuze shamba kwa hilo.

Na kumpa mkono nenda mapema, nenda mwenyewe, na walokupigia uwaambie kabla hujaenda wasije kukuona kwa picha za simu wakadhani umewauza. Hao watu wako wana deni kwako na wewe una deni kwao, na wao pia wanataka asante. Watu hudhani shukrani ni ya mshindi, la, aloshindwa ndio awahi zaidi, manake walomfuata yeye hawana hata pilau ya kujipoza. Zunguka uwashukuru, na yale walokuambia kwenye kampeni uyaandike umkabidhi mwenzako siku mnapeana mkono, umwambie hizi ni shida za watu wa wadi yako, mimi nilizipata nikitafuta kura. Nakwambia kweli hakuna atakaekuona mnyonge.

Sisi ni chama cha akina mama kumi na sita, tunachangiana pesa kwa zamu, tuko Magarini. Tulikuwa na uchaguzi mdogo wa mbunge na tukagawanyika vibaya, leso za rangi hii na rangi ile, maneno kwenye kundi la WhatsApp, mpaka wanne wametoka. Zamu bado hazijaisha na kuna ambao hawajapokea. Tunawarudishaje? – Katibu

Dada zangu, nyinyi mmekaa pamoja miaka, mmezikana wazazi, mmelipiana hospitali, halafu wiki chache za kampeni ndio ziwatenganishe? Mbunge akishaenda Nairobi hamjui mtamuona lini, lakini mtoto akipata homa usiku anaebishwa mlango ni huyo alietoka kwenye kundi.

Msiwapigie simu ya kuwaita kwenye mkutano, mkutano utakuwa kesi. Waendeni wawili wawili nyumbani, na aende yule aloandika maneno mabaya zaidi, aseme samahani kwa yale yale aloandika, asizunguke. Yale maneno kwenye kundi yafuteni lakini msifute kabla hajaombwa msamaha aloandikiwa. Mkishakaa tena wekeni sheria, siku ya chama mtu asije na leso wala kofia ya mgombea yeyote, na muiweke sasa kabla ya 2027 manake ikifika tutakuwa tumeshachelewa. Na mbunge akija kushukuru pande zenu, nendeni kama chama, nyote, mkae safu moja, mumpe shida yenu kwa sauti moja.

Kuhusu zamu, pesa isichanganywe na siasa hata kidogo. Angalieni daftari mwezi wa Januari ni zamu ya nani. Kama ni ya mmoja wa hao wanne, mchangeni wote mlobaki, mumpelekee kamili siku yake, hata kama yeye hakutoa ya mwezi huu, hesabu yenu nyengine mtaimaliza akisharudi.